Maonyesho ya sanaa Nairobi: Mtazamaji aangalie nini, mhakiki aandike nini?

WAHENGA walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika sanaa ya uchoraji na uchongaji jijini Nairobi, methali hiyo haisimami. Kazi nzuri hutundikwa ukutani kwa wiki chache, hutazamwa na kundi dogo la watu ambao aghalabu wanajuana, kisha huteremshwa, ikafungwa kwa karatasi na kuondoka. Baadhi ya kazi huenda sebuleni mwa wanunuzi, nyingine hurudi karakanani mwa msanii, na nyingine huvuka bahari zisionekane tena nchini.

Baada ya hapo, umma hubakiwa na kilichoandikwa tu. Iwapo hakuna aliyeandika, maonyesho hayo huwa kana kwamba hayakuwahi kufanyika.

Ndiyo sababu ziara ya maonyesho, pamoja na tahakiki inayoifuata, ni shughuli yenye uzito kuliko inavyodhaniwa. Nairobi ina wasanii wanaotambulika kote duniani, na majumba ya sanaa yaliyotapakaa kutoka katikati ya jiji hadi vitongojini. Kinachokosekana ni watazamaji wa kawaida wanaoingia humo bila kuona haya, na wahakiki wa kueleza kilichoonekana humo, hasa kwa lugha ya Kiswahili.

Kwa miongo kadhaa, tahakiki nyingi za sanaa hii katika magazeti ya Kenya zimeandikwa kwa Kiingereza. Miongoni mwa waandishi wachache waliodumu katika kazi hiyo ni Margaretta wa Gacheru. Msomaji wa Kiswahili, ambaye anaelezwa kwa kina kuhusu kandanda, siasa na ushairi, huachwa nje ya mlango wa jumba la sanaa.

Kumbukumbu inayopotea

Historia ya jiji yenyewe inadhihirisha jinsi mambo yanavyosahaulika. Mnamo 1965, mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alishirikiana na wenzake kuanzisha kituo cha Paa ya Paa. Jina hilo ni mchezo wa maneno: paa ni mnyama wa porini, na kupaa ni kwenda juu. Kilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya sanaa jijini kumilikiwa na kuendeshwa na Waafrika. Mwaka wa 1997 moto ulikiteketeza, na kazi nyingi zilizokusanywa kwa takriban miaka 30 zikageuka majivu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wasanii watatu, Yony Waite, Robin Anderson na David Hart, walifungua jumba lililoitwa Gallery Watatu kutokana na idadi yao. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, chini ya Ruth Schaffner, jumba hilo liliwainua wachoraji wengi ambao hawakuwa wamesomea sanaa chuoni, akiwemo Jak Katarikawe kutoka Uganda na Sane Wadu wa Kenya. Schaffner alifariki mwaka wa 1996. Jumba hilo nalo lilifungwa baadaye, na leo kijana anayetaka kujua ni kazi zipi zilitundikwa humo hana budi kupekuapekua magazeti ya zamani.

Mfano wa kinyume ni Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka wa 1966. Murumbi alikusanya vitabu, nyaraka na kazi za sanaa kutoka pande nyingi za Afrika kwa uangalifu mkubwa. Sehemu ya hazina hiyo imo katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka katikati ya jiji. Sehemu nyingine imewekwa katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka wa 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambako zamani vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa.

Tofauti kati ya visa hivi haihusu ubora wa sanaa. Inahusu kama kulikuwa na mtu aliyeona umuhimu wa kuhifadhi na kuweka maandishi.

Pa kuanzia

Anayetaka kuzuru maonyesho jijini ana mahali pengi pa kuchagua. Makavazi ya Kitaifa yana kumbi za sanaa, ingawa mgeni hulipa kiingilio. Katikati ya jiji, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, yaani Alliance Française na Goethe-Institut, vimekuwa vikiwapa wasanii nafasi kwa miaka mingi.

Majumba ya kibiashara yako zaidi katika mitaa ya kifahari. One Off, lililoanzishwa mwaka wa 1994, liko Rosslyn. Circle Art, lililoanzishwa mwaka wa 2012, ndilo lililoandaa mnada wa kwanza wa sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki jijini mwaka wa 2013. Nje kidogo ya jiji, katika kaunti ya Kiambu, kuna Banana Hill Art Studio, kundi lililoanza mwaka wa 1992.

Sanaa haikai katika mitaa ya kifahari pekee. Kibera ni maskani ya kundi la Maasai Mbili, lililoanzishwa mwaka wa 2001 na vijana waliokuwa wakichora mabango ya biashara. Katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kuna Wajukuu Art Project, ambalo limewafunza watoto wengi kuchora.

Majumba mengi ya kibinafsi hayatozi kiingilio. Hata hivyo, mlinzi langoni, sakafu inayong'aa na ukimya wa ukumbi humfanya mtu wa kawaida ahisi kwamba hapo si mahali pake. Hofu hiyo haina msingi. Mgeni halazimiki kununua chochote, na mhudumu wa ukumbi kwa kawaida hufurahi kuulizwa maswali, kwa kuwa siku nyingi hukaa peke yake.

Jinsi maonyesho yanavyoundwa

Kabla ya kuhukumu, ni vyema mtazamaji aelewe jinsi maonyesho yanavyotayarishwa. Nyuma ya kila maonyesho kuna mratibu, ambaye huchagua kazi zitakazoonekana, huamua zitatundikwa kwa mpangilio upi, na huandika maelezo yanayobandikwa ukutani. Mratibu mzuri huziweka kazi mbili karibu ili zisemezane. Asiyejali huzipanga kama bidhaa dukani.

Karibu na kila kazi huwa na kibandiko chenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa vilivyotumika na vipimo. Pengine bei huwa kwenye orodha mezani. Kidoto chekundu kando ya kazi humaanisha kwamba imenunuliwa.

Jumba la kibiashara hujikimu kwa kuchukua sehemu ya bei, ambayo katika majumba mengi duniani hufikia hata nusu. Kwa hivyo maelezo yanayotolewa na jumba, hata yakiwa ya kweli, ni maneno ya muuzaji. Kituo cha utamaduni au taasisi isiyo ya kibiashara haina shinikizo hilo la mauzo, ila nayo ina wafadhili na malengo yake.

Mwaka wa 2020 mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha taasisi ya sanaa ya kisasa ya aina hiyo, Nairobi Contemporary Art Institute. Maonyesho yaliyofungua ukumbi wake mwaka wa 2022 yalikuwa ya Sane Wadu, mwalimu aliyeacha kazi ya darasani ili achore. Watu walipomwona kuwa mwendawazimu, alijipa jina la Sane, ambalo kwa Kiingereza humaanisha mwenye akili timamu. Maonyesho yanayokusanya kazi za miaka mingi za mtu mmoja humwezesha mtazamaji kuona jinsi mkono wa msanii ulivyobadilika, jambo ambalo ukumbi wa mauzo hauwezi kulifanya kwa urahisi.

Kutazama kabla ya kusoma

Usiku wa ufunguzi ni mzuri kwa kukutana na wasanii, lakini ni wakati mbaya wa kutazama. Watu husimama wakiipa michoro mgongo, glasi mkononi, na mazungumzo huhusu mambo mengine kabisa. Mhakiki makini hurudi siku ya kazi asubuhi, ukumbi unapokuwa mtupu.

Hatua ya kwanza ni kuzunguka ukumbi mzima bila kusoma chochote. Jicho lenyewe litasimama mahali fulani, na mahali hapo pafaa kukumbukwa. Mzunguko wa pili ni wa polepole, kazi moja baada ya nyingine: kwanza kwa mbali ili kuona umbo zima, kisha kwa karibu ili kuona jinsi rangi ilivyopakwa. Ni hapo tu ambapo kibandiko kinafaa kusomwa.

Vifaa vilivyotumika huwa na maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Marehemu Rosemary Karuga, mwalimu aliyesomea sanaa Makerere katika miaka ya 1950 na kufariki mwaka wa 2021, hakuwa na uwezo wa kununua rangi aliporejelea sanaa uzeeni. Alikata pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akazibandika pamoja kuunda wanyama na watu wa kijijini. Anayeisogelea kazi yake hugundua kwamba ngozi ya ng'ombe au kitambaa cha mwanamke kilikuwa karatasi ya dukani. Asiyesogea hataliona hilo.

Armitage naye hupaka rangi ya mafuta kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti kitengenezwacho Uganda. Lubugo huwa na matundu na makunyanzi, na mchoraji huyaacha yaonekane yakatize katikati ya sura za watu. Dickens Otieno hukata mikebe ya vinywaji kuwa vipande vyembamba na kuvifuma kama kitambaa. Cyrus Kabiru huokota vyuma na nyaya kuukuu na kuunda miwani ya ajabu. Katika kazi zote hizi, swali la kwanza ni: kwa nini kifaa hiki, na si kingine?

Fani na maudhui

Wasomaji waliopitia shule za sekondari nchini wana silaha ambayo hawajui kuwa wanayo. Katika somo la fasihi walifunzwa kutenganisha fani na maudhui, yaani jinsi kazi ilivyoundwa na yale inayoyasema. Maarifa hayo yanaweza kuhamishwa moja kwa moja hadi ukumbini.

Lakini kuna mtego. Darasani, wengi walizoea kukimbilia maudhui: ufisadi, ukoloni mamboleo, nafasi ya mwanamke katika jamii. Mbele ya mchoro, mazoea hayo humfanya mtu aseme kwamba kazi inahusu ufisadi, kisha aondoke. Mchoro hauwezi kufupishwa kuwa hotuba. Michael Soi, kwa mfano, katika mfululizo wake kuhusu uhusiano wa China na Afrika, hutumia rangi kali zilizopakwa bapa na mistari mizito kama ya vibonzo. Kicheko kinachotokana na mtindo huo ndicho humtangulia mtazamaji, na uchungu wa jambo lenyewe hufuata baadaye. Anayetaja uchungu bila kutaja kicheko ameihakiki nusu tu ya kazi.

Tahakiki nzuri hupitia hatua tatu. Kwanza hueleza, ili msomaji ambaye hakufika aone. Pili hufasiri, ikitoa maana inayotokana na yaliyoelezwa. Tatu huamua, ikisema kazi imefaulu au imeshindwa, na kwa sababu gani.

Mwaka wa 2022 kundi la Wajukuu kutoka Mukuru lilialikwa katika maonyesho makubwa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani. Lilifunika lango la ukumbi kwa mabati kama ya mtaani, na wageni wakalazimika kuingia kupitia njia nyembamba yenye giza. Hayo ni maelezo.

Ufasiri utasema kwamba Wajukuu waliligeuza jengo la fahari la Ulaya kuwa la Mukuru, badala ya kuipamba Mukuru ili ipendeze Ulaya. Mgeni alilazimika kupunguza mwendo na kukubali kwamba hapo yeye ndiye asiyejua njia.

Uamuzi ni mgumu zaidi. Je, mabati hayo yalimfanya mtazamaji aelewe maisha ya watu, au yalimpa burudani kwa umaskini wa wengine? Mhakiki anayetetea kazi hiyo atataja wembamba wa njia na giza lake, kwa sababu mtu aliye gizani hawezi kustarehe na kutazama wenzake kama picha. Anayeipinga naye sharti ataje jambo linaloonekana. Kundi hilo lilitunukiwa tuzo ya Arnold Bode mwaka huo, lakini tuzo haiwezi kuchukua nafasi ya hoja.

Gharama ya kutotazama

Wapo wanaouliza iwapo mambo haya yana umuhimu katika nchi yenye shida nyingi. Jibu moja lilitoka Venice, Italia, ambako mataifa huonyesha sanaa yao kila baada ya miaka miwili katika kumbi zenye majina ya nchi zao.

Mwaka wa 2013 ukumbi wa Kenya ulijaa kazi za wasanii ambao wengi wao walikuwa Wachina. Mwaka wa 2015 orodha ya ukumbi huo ilipotangazwa, ilikuwa na sura iyo hiyo: majina ya Kichina na ya Kiitaliano, huku Wakenya wakihesabika kwa vidole. Wasanii wa Nairobi walipinga kwa sauti, Soi akachora mfululizo wa michoro ya kukejeli aibu hiyo, na serikali ikajitenga na mpango huo. Mwaka wa 2017 Kenya ilirudi Venice chini ya mratibu Mkenya, Jimmy Ogonga, ikiwa na wasanii kama Peterson Kamwathi na Paul Onditi.

Kisa hicho kina funzo. Kelele za 2013 hazikutosha kuzuia kosa hilo kurudiwa miaka miwili baadaye, kwa sababu waliojua jina la Kenya linatumiwaje walikuwa wachache mno. Mahali ambapo hakuna wahakiki, yeyote mwenye fedha na barua rasmi anaweza kuamua sanaa ya taifa ni ipi.

Bei nazo huamuliwa mbali. Mnamo Novemba 2019, mchoro wa Armitage uitwao The Conservationists uliuzwa katika mnada wa Sotheby's jijini New York kwa takriban dola milioni 1.5. Ni jambo la fahari kwa msanii aliyezaliwa Nairobi. Hata hivyo, jiji ambalo halina tathmini yake lenyewe hulazimika kungoja mnada wa ng'ambo ndipo lijue ni nani miongoni mwa watu wake anayestahili kutazamwa.

Uaminifu na lugha

Mhakiki wa Nairobi hukabiliwa na ugumu wa kuishi katika kijiji. Wasanii, wenye majumba na waandishi hukutana kila wiki. Ni rahisi kusifu kila kitu ili kulinda urafiki, au kunakili maelezo yaliyotumwa na jumba na kuyaita tahakiki. Sifa za aina hiyo hazimsaidii msanii, kwani hawezi kujua lini amefaulu kweli.

Kanuni kadhaa husaidia. Mhakiki asipokee zawadi ya kazi ya msanii anayemwandikia. Akiwa ana kazi za msanii huyo nyumbani, au ni jamaa yake, amwachie mwingine nafasi hiyo au amweleze msomaji waziwazi. Akikosoa, akosoe kilicho ukutani bila kumvunjia msanii heshima, na aeleze kwa kina kiasi kwamba msomaji anaweza kuupinga uamuzi wake kwa kutumia maelezo yake mwenyewe.

Kuhusu lugha, wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sanaa ya kisasa. Dai hilo halina mashiko. Majina mengi ya rangi katika Kiswahili yanatokana na vitu vinavyoonekana: kijivu na jivu, kahawia na kahawa, zambarau na tunda la mzambarau, samawati na mbingu. Mwandishi anayeyatumia humwonyesha msomaji rangi yenyewe. Milango ya Lamu na Mombasa ilipambwa kwa nakshi muda mrefu kabla ya majumba ya Nairobi kujengwa, na wanaosuka mikeka na vikapu wana maneno mengi ya kueleza jinsi uzi unavyopita juu na chini ya mwenzake. Kazi ya Otieno ya mikebe iliyofumwa inaweza kuelezwa kwa maneno hayo bila kukopa hata moja.

Anayetaka kuanza hahitaji shahada ya sanaa. Anahitaji daftari, nauli ya matatu na saa mbili za asubuhi ya siku ya kazi. Aandike tarehe, jina la jumba, jina la msanii na majina ya kazi tatu zilizomsimamisha. Kwa kila moja, aeleze alichoona kabla ya kueleza alichohisi. Kurasa hizo zikitunzwa na kuchapishwa, kazi zitakapoteremshwa ukutani patakuwa na shahidi wa kusema zilikuwapo, na zilifananaje.